Kamba ya kiatu hukatwa na tundu

Bwana Mhariri,

Kamba za viatu vya shule zinabadilishwa hapa Goma, na baada ya muda mfupi zinakatika tena palepale. Analaumiwa mtoto. Kabla ya kununua nyingine, tazama ilipokatikia. Ikiwa ni kwenye tundu la juu, mara nyingi kosa ni la pete ya chuma: ukingo wake umepinda, na kila kamba inapokazwa pete inaikeketa. Pitisha kipande cha pamba ndani ya tundu. Nyuzi zikinasa, fundi alainishe ukingo kwa msasa au aweke pete mpya. Ikiwa kamba imechakaa urefu wote, hilo ni vumbi la mawe ya volkeno. Chembe zake ni kali, nazo husaga nyuzi kwa ndani. Zitoe kamba uzifue kwa sabuni, si kuzipangusa tu zikiwa kiatuni.

Urefu hupatikana kwa kuhesabu matundu ya upande mmoja. Manne au matano, karibu sentimita 90; sita, 120; saba au nane, 140. Wauzaji wa mtaa wa Birere hapa mjini wangetusaidia sana kama wangetaja sentimita badala ya kusema “ya mkubwa” na “ya mtoto”.

Anzia matundu ya chini, linganisha ncha mbili, ndipo uende juu kwa kupishanisha. Fundo likilala kuelekea vidole na kisigino badala ya kulia na kushoto, limefungwa vibaya na litafunguka njiani, hasa kwa kamba ya nailoni ya mviringo. Geuza mpishano wa kwanza tu: kamba iliyopita juu ipite chini.

Ncha ya nailoni iliyofumuka huyeyushwa kidogo kwa kiberiti. Usiiguse ikiwa moto, maana huganda kwenye ngozi na kuunguza. Ya pamba haiyeyuki. Izungushie uzi wenye gundi.

Kwa suruali za michezo, usiichomoe kamba kuukuu ya kiunoni. Shona ncha ya mpya kwenye ncha yake, mishono mitatu au minne, bila fundo kwa sababu fundo hukwama tunduni, kisha vuta taratibu. Iliyokwisha kutoka hurudishwa kwa pini ya usalama iliyofungwa. Halafu piga mishono michache katikati ya mgongo, ishike kamba na kitambaa pamoja, isichomoke tena wakati wa kufua.

Mafundi viatu na washonaji,
Goma