Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kucheza Bure Kwenye Filamu za Wanafunzi

Ndugu wanachama, waigizaji wenzangu wa Dodoma, mbukwenyi!

Nianze na yale mafupi. Mwaka huu tumempoteza mwenzetu mmoja, mama aliyetushonea maleba tangu chama hiki hakijawa na hata muhuri. Naomba tusimame kimya dakika moja kabla sijaendelea.

Ahsanteni. Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, nakala ziko kwenye meza ya chai. Niseme tu kwamba ada bado tunaikusanya kwa kubembelezana, na chumba chetu cha mazoezi pale Makole tunacho hadi leo kwa sababu mwenye nyumba ni mvumilivu. Semina ya kuigiza mbele ya kamera ilifanyika na watu walijaa hadi mlangoni. Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chakula.

Muda wangu uliobaki nautoa wote kwa jambo moja, maana ndilo nililopigiwa simu mwaka mzima: je, mwanachama wetu acheze bure kwenye filamu ya mwanafunzi?

Mji wetu umebadilika. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kupandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2018, vyuo vimejaa na simu zenye kamera nzuri zimejaa zaidi. Kila unapokaribia mwisho wa mwaka wa masomo, vijana wanashuka mjini kutafuta waigizaji wa projekti zao. Wanatafuta babu, mama mkwe, mganga, hakimu, mjane. Kijana wa miaka 22 hawezi kumvisha mwenzake wa bwenini koti akamwita babu wa miaka 70 na mtu akaamini. Anatuhitaji sisi, na mimi napenda kwamba anatuhitaji.

Lakini lazima niwaambie nilivyoingia kwenye jambo hili, ili mjue uamuzi wangu umetoka wapi. Miaka 3 iliyopita nilicheza filamu ya mwanafunzi mmoja kule Hombolo, karibu na bwawa. Nilikuwa mama ambaye mwanawe amekwenda machimboni na hajarudi. Tulianza saa 12 asubuhi, tukamaliza saa 4 usiku. Kamera ilikuwa ya kukodi. Jenereta ilikuwa ya kukodi. Mwenye nyumba tuliyoshutia alipewa chake mkononi kabla hatujavua viatu. Chakula changu mimi kilikuwa pakiti ya biskuti na chupa ya maji. Ilipofika saa 2 usiku dereva wa gari lililotuleta akawasha akaondoka, kwa kuwa muda aliolipiwa ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyemlaumu, kila mtu pale alielewa kwamba muda wa dereva una bei. Mimi nilirudi mjini kwa bodaboda, gizani, kwa pesa yangu, nikiwa bado nimevaa kanga ya yule mama.

Filamu ile sijaiona mpaka leo. Kijana alihitimu na namba yake haipatikani. Ile sini ya ukingoni mwa bwawa naamini ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na sina hata sekunde 5 zake za kumwonyesha mtu.

Ndiyo maana mliponichagua nilikuja na neno moja tu: marufuku. Asiyelipa asitupate. Nililisema kwenye kikao cha kwanza cha kamati na nililiamini.

Aliyenirudisha nyuma ni kijana wetu wa Chang'ombe, ambaye sitamtaja kwa kuwa hajaniruhusu. Alikuja kwetu bila kipande chochote cha kazi. Kila alipokwenda kwenye usaili aliulizwa, “Umeshacheza nini?” Akanyamaza. Mwaka jana alicheza filamu mbili za wanafunzi bila malipo, akapewa klipu zake kwenye flashi, na klipu moja kati ya hizo ndiyo aliyomwonyesha mtu wa matangazo akapata kazi ya kulipwa. Ningepiga marufuku ningekuwa nimemfungia mlango huyu, huku mimi mwenye miaka yangu kwenye fani sina ninachopoteza. Hilo lilinisumbua sana, na bado linanisumbua ninapowasikia wazee wenzangu wakisema marufuku.

Tuseme kweli pia kuhusu wanafunzi wenyewe. Wengi wanatengeneza filamu kwa bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 mkopo wa chakula na malazi umekuwa shilingi 10,000 kwa siku, ukipanda kutoka 8,500. Ukitoa chumba, ukitoa ugali na maharage, ukitoa bando, mwambie huyo alipe waigizaji 5 kwa siku 3. Hawezi. Atawachukua wenzake wa darasani, atamaliza projekti yake, atapata alama zake, na atatoka chuoni hajawahi hata mara moja kumwongoza mwigizaji aliyeiva. Hasara hiyo itaturudia sisi, kwa sababu ndiye mwongozaji wa kesho katika mkoa huu.

Hata hivyo, anayejifunza kwa miaka 3 kwamba kamera hulipiwa na mwigizaji huja bure, anakuwa amefundishwa kitu. Siku akiwa produsa mwenye pesa ataandika bajeti ileile aliyozoea, na kwenye mstari wa waigizaji ataweka kile kitakachobaki. Nimeona bajeti za namna hiyo kutoka kwa watu wazima waliosoma. Sifuri ile walianza kuiandika wakiwa darasani. Kwa hiyo ombi langu la kwanza halielekezwi kwetu, linaelekezwa kwa walimu wa filamu. Kamati imekubali nizungumze nao tukiomba kwamba katika kila zoezi la bajeti mwigizaji aandikwe kwa bei yake halisi, hata kama chini yake pataandikwa kwamba safari hii amejitolea. Mwanafunzi aione ile namba. Ajue kuna kitu amepewa.

Na kujitolea si ugeni kwetu. Wengi hapa mmekulia Chamwino, Mvumi, Bahi, mnawajua akina mama wanaopiga ngoma ya muheme. Mwenye shughuli akiwaita hawamwandikii ankara. Lakini hakuna mwenye shughuli mwenye akili zake anayewaita akina mama wakapiga ngoma tangu asubuhi kisha akawaacha warudi kwao na njaa, tena kwa miguu. Watapikiwa, watasindikizwa, na siku yao ya shughuli ikifika yeye naye atakwenda. Hayo ndiyo makubaliano, ingawa hayajaandikwa popote. Kule Hombolo mimi sikukasirika kwa kukosa posho. Nilijua tangu mwanzo hakuna posho. Nilikasirika kwa sababu nilitoa halafu nikaachwa barabarani.

Wenzetu wa Marekani wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Chama chao cha waigizaji, SAG-AFTRA, kina mkataba maalumu wa filamu za wanafunzi, kwa filamu zenye bajeti isiyofika dola 35,000. Malipo ya mwigizaji huahirishwa: filamu ikionyeshwa darasani na kwenye matamasha hakuna anayedaiwa, lakini ikitoka humo ikaingia sokoni, deni la mwigizaji linaamka. Kiasi hicho cha dola ni ndoto kwa vijana wetu, ila wazo lenyewe halihitaji dola. Linahitaji karatasi moja iliyosainiwa kabla kamera haijawashwa.

Nasema kabla, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, na ridhaa yake inahitajika ili arekodiwe. Nguvu yako kubwa kwa hiyo iko pale unapokubali. Ukishacheza kwa mdomo tu, “tutaongea baadaye, mama,” hiyo baadaye ni ya mwenye faili. Mwaka huu wanachama wetu wawili wamejikuta mtandaoni kwenye filamu walizoambiwa ni za darasani, matangazo yakipita juu ya nyuso zao. Hawakuwa na karatasi. Tulikwenda kuzungumza na wahusika kwa upole, na tukarudi mikono mitupu.

Jambo jingine limeniumiza zaidi kuliko hilo. Si kila anayesema projekti ya chuo anasema kweli. Kuna vikundi vinavyopewa pesa na mashirika kutengeneza filamu za kampeni, za afya, za kilimo, za mabinti, kisha vinakuja kwetu vimejivika unyonge wa mwanafunzi. Dada yetu mmoja alicheza siku 2 bure akiamini anasaidia kijana amalize shahada. Mwisho wa filamu zikatokea nembo za wafadhili. Yeye ni mama lishe, na kwa siku hizo 2 hakuuza hata sahani moja. Pesa ya kumlipa ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ikaishia mifukoni mwa watu waliomwita “mama yetu”. Hilo naliita wizi, na naomba liandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano huu.

Basi kamati imekaa vikao vinne, na tumegombana kweli. Tunachowaletea ni hiki. Mwanachama yuko huru kucheza bure kwa mwanafunzi, na wala asionekane amewauza wenzake. Ila mwanafunzi huyo aje na barua ya utambulisho kutoka idarani kwake, kama anavyokwenda nayo kwa mwenyekiti wa mtaa. Nauli ya kwenda na kurudi itoke kwake, na kurudi usiku kuwe kwa usafiri ulioandaliwa kabla. Chakula kiwe chakula. Klipu ya sini zako uipate kabla hajaiwasilisha kazi chuoni, maana akishahitimu humpati. Na filamu ikiuzwa, ikiwekewa matangazo, au ikiwa na nembo ya mfadhili yeyote, basi haikuwa ya darasani na mnalipwa kwa kiwango cha chama.

Kuhusu saa, tumechukua kipimo cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa nzima baada ya kufanya kazi saa 5 mfululizo. Mtu ameniambia mwigizaji anayejitolea si mwajiriwa. Sawa, lakini mwili ni uleule, na jua la Dodoma halimbagui aliyejitolea. Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kamati imeamua kwamba watoto wa umri huo hatutawapeleka seti kupitia chama, hata mzazi akiomba. Najua kuna wazazi humu hawakufurahi.

Mmoja wa wajumbe wa kamati hakukubaliana nasi hadi mwisho. Anaamini mwigizaji mwenye uzoefu wa miaka mingi asicheze bure kabisa, kwa mtu yeyote, na kwamba nafasi za bure ziachwe kwa wanaoanza. Atapewa muda wa kusema baada yangu. Mimi nitapiga kura dhidi ya wazo lake, ila sidhani kama amekosea kwa kiasi tunachopenda kuamini. Mkongwe akicheza bure kila mwaka, yule mama anayetegemea uigizaji kulipa ada za watoto anaambiwa, “Mbona fulani alikuja bila pesa?” Hilo sijalipatia jibu. Kwangu mwenyewe nimejiwekea filamu moja ya mwanafunzi kwa mwaka, basi. Nyingine zote naomba nilipwe.

Ya mwaka huu nimeshaipata. Binti wa mwaka wa mwisho alikuja nyumbani Ipagala na barua yake, skripti imechapwa, na karatasi ya nauli aliyokwisha kuipigia hesabu kwa kalamu: daladala ya kwenda na bajaji ya kurudi. Nilisoma hiyo karatasi kabla ya skripti. Tunaanza kushuti wiki ijayo.

Katibu anagawa rasimu ya mkataba sasa, ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Isomeni yote, hasa kifungu cha klipu, na ambaye hajaleta miwani amwombe jirani yake amsomee. Tutapiga kura kwa kuandika, ndiyo au hapana, kabla hatujaenda kula.