Bunge la juu: kwanza tuambiwe nani atakayepiga kura

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba, mjadala wa Katiba Mpya utakaporejea, tufikirie kuwa na bunge la juu ambalo wajumbe wake watachaguliwa na madiwani, wabunge na wasomi badala ya kupigiwa kura na wananchi wote, kama yanavyofanya baadhi ya majimbo ya India. Hoja yake kwamba miswada hupitishwa haraka mno ina uzito, wala siibezi. Ila ameusifu mfano wa India bila kueleza mjumbe wa baraza hilo anapatikanaje, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Majimbo yenye baraza hilo, linaloitwa Vidhan Parishad, ni sita tu: Uttar Pradesh, Bihar, Maharashtra, Karnataka, Telangana na Andhra Pradesh. Kwa mujibu wa Ibara ya 171 ya Katiba ya India, theluthi moja ya wajumbe huchaguliwa na madiwani na wenzao wa mamlaka nyingine za mitaa, theluthi nyingine huchaguliwa na wabunge wa bunge la chini la jimbo, sehemu moja ya kumi na mbili na wahitimu wa vyuo vikuu waliotimiza miaka mitatu tangu wapate shahada, na sehemu nyingine kama hiyo na walimu wa kuanzia sekondari. Waliobaki, yaani takriban sehemu moja ya sita, huteuliwa na Gavana kutoka miongoni mwa watu wenye ujuzi wa fasihi, sayansi, sanaa, ushirika na huduma za jamii. Sisi wa Moshi, wenye KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, tangu mwaka 1933, hatuwezi kuchukia kuona ushirika umepewa heshima hiyo. Naukubali pia utaratibu wa baraza kutovunjwa: mjumbe hukaa miaka sita, na kila baada ya miaka miwili theluthi moja yao hustaafu.

Lakini tuutazame upigaji kura wenyewe. Mkulima wa kahawa wa Kibosho asiye na shahada angekuwa na kura yake moja ya mbunge, ilhali mwanawe aliyehitimu chuo kikuu angekuwa na ya pili kwa ajili ya shahada, na kama ni mwalimu wa sekondari, pengine hata ya tatu. Sijasikia sababu inayoweza kumridhisha mzee huyo.

Viti vinavyochaguliwa na wabunge vina kasoro nyingine. Uddhav Thackeray aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Maharashtra mwezi Novemba 2019 bila kuwa mbunge wala mjumbe wa baraza, na Katiba ilimpa miezi sita awe amepata kiti. Aliingia barazani Mei 2020 bila kupingwa, muda ukiwa karibu kwisha. Hakuvunja sheria yoyote, lakini mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Juni 2022, katika uchaguzi wa baraza hilohilo unaofanywa kwa kura ya siri, baadhi ya wabunge wa upande wa Thackeray waliaminika kuwapa kura wagombea wa upinzani. Kabla mwezi haujaisha uasi ndani ya chama chake ulikuwa umemlazimisha kujiuzulu.

Sipingi uchaguzi wa kupitia wawakilishi kwa jumla. Katika chama cha msingi cha ushirika, mjumbe tunayemtuma kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu tunamjua hadi shamba lake, na akirudi tunamketisha mbele atusomee makato yaliyopitishwa na aeleze yeye alisema nini. Mwaka unaofuata akitaka tena, anatukuta ni walewale. Mjumbe aliyepewa kura ya siri na wabunge kadhaa, tena kwa miaka sita, arudi kwa nani?

Wala hatuhitaji kwenda India kuona ugumu huu. Bunge la Afrika Mashariki lililopo Arusha hupata wajumbe tisa kutoka kila nchi mwanachama, wanaochaguliwa na bunge la nchi husika kutoka nje ya wabunge wake. Mwaka 2006 wajumbe wa Kenya walizuiwa kuapishwa, na Machi 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki, ikiwa hapohapo Arusha, iliamua kwamba Kenya haikufanya uchaguzi kama Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyotaka: majina yalitoka kwenye vyama, na Bunge halikupiga kura. Bado naamini kwamba, nje ya Arusha, Watanzania wengi hawawezi kutaja hata wawili kati ya wajumbe wetu tisa.

Basi mwandishi wa pendekezo lile atueleze daftari la wapiga kura wa bunge hilo litakuwa na nani, kura itakuwa ya wazi au ya siri, na mjumbe atatoa taarifa yake katika kikao gani na mbele ya nani. Mpaka atakapojibu, mimi napendelea Bunge moja, ambalo kamati zake zitapewa muda wa kutosha kusoma muswada na kuwasikiliza wadau kabla haujapigiwa kura.

Msomaji wenu,
Mwanaushirika, Moshi