Bomu la pili

Tanga, 12 Agosti

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila shemeji yako amenuna kwa sababu barua yako ilijaa mabomu kutoka juu hadi chini na haikumtaja hata kwa neno moja.

Umeniomba hoja za kumjibu Mjomba, anayeshikilia kwamba bomu la atomiki ndilo lililomaliza vita na Japani na kuwaokoa wengi, akiwemo marehemu babu yenu aliyepelekwa Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Usimpuuze. Marekani ilikuwa imepanga kukivamia Kyushu, kisiwa cha Japani, mwezi wa Novemba 1945, na baada ya damu iliyomwagika katika vita vya kisiwa cha Okinawa hakuna aliyetarajia kazi nyepesi. Kwa bomu la kwanza, la Hiroshima, basi, Mjomba ana pa kusimama, ingawa mimi sisimami naye.

Nagasaki ndiko anakokwama. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti. Usiku wa kuamkia tarehe 9 majeshi ya Kisovieti yakaingia Manchuria, eneo la China lililoshikwa na Japani, na asubuhi hiyo wakuu sita wa Japani wakakutana Tokyo kujadili masharti ya kusalimu amri. Habari za Nagasaki ziliwafikia wakiwa kikaoni, na bado wakabaki wamegawanyika watatu kwa watatu juu ya masharti hayo hadi Mfalme Hirohito alipokata shauri usiku. Muulize Mjomba: bomu hilo lilimgeuza nani kati ya wale sita? Tena hakuna aliyeketi upya kupima kama lilihitajika, kwa kuwa amri ya tarehe 25 Julai iliruhusu mabomu yadondoshwe kadiri yatakavyokuwa tayari. Lilikusudiwa tarehe 11, likawahishwa kwa kuhofia hali mbaya ya hewa. Ndege ilielekezwa Kokura, ikapita juu ya mji mara tatu bila kuiona shabaha kwa moshi na mawingu, ndipo ikageukia Nagasaki, na bomu likalipukia bonde la Urakami, karibu na kanisa kuu ambamo waumini walikuwa wamekwenda kuungama. Watu wa Kokura wamepona kwa wingu tu! Kila nikifika hapo huwa... lakini tuendelee.

Atakujibu kwamba bila la pili Wajapani wangedhani Marekani ilikuwa na moja tu, na kweli wapo majenerali waliotilia shaka. Lakini mtaalamu wao wa fizikia, Nishina, alifika Hiroshima kuchunguza tarehe 8. Kesho yake Nagasaki ikateketea. Haraka hiyo ndiyo sijaipatia utetezi, na hapo ndipo umbane.

Je, babu mwenyewe aliwahi kusema lolote kuhusu mabomu hayo, au Mjomba anamsemea tu? Picha zake za Burma anazo nani siku hizi? Mjomba angekubali kuahirisha la pili hata kwa juma moja, au kwake vyote ni kitu kimoja? Nawe je, Hiroshima umeikubali moyoni, au unanyamaza kwa heshima ya mkubwa wako?

Wako daima,
Salimu