Muthoni Nyanjiru naye akumbukwe jijini

Mhariri,

Naandika kuhusu majina ya barabara za Nairobi. Kila mjadala huu unapozuka, akina mama waliotutangulia hutajwa mwisho, kama wanatajwa. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa kwa kupinga dhuluma za wakoloni, aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele ya wote, akawataka wavue suruali zao wampe yeye. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Leo Thuku ana barabara hapo karibu, kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na anastahili. Je, aliyekufa akimtetea?

Wako wengi: Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, Eunice Kiereini, muuguzi aliyeongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kuwa meja jenerali katika jeshi letu, 2018.

Naliomba Bunge la Kaunti lianze na Nyanjiru. Liweke kibao cha kudumu kwenye barabara hiyo ya Thuku, chenye jina lake na kisa chake kwa Kiswahili, wanafunzi wanaopita hapo kila siku wakisome.

Mkazi wa Ngara,
Nairobi