Risala ya Wahitimu wa Ukerezaji wa Mbao kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, walimu wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana. Habari za asubuhi, na karibuni sana karakanani kwetu.

Mgeni Rasmi, usishangae kuona nasoma huku uso nimeuelekeza kwako. Karatasi iliyo mezani ni ya nukta nundu, na anayesoma ni kidole changu cha shahada. Nikisitasita mahali, si kwamba nimemwogopa mkubwa. Wiki nzima nimekuwa napiga msasa, na ncha za vidole zimepata ganzi.

Tunaohitimu leo tuko 11. Baadhi yetu hatuoni au tuna uoni hafifu, wengine wana ulemavu wa viungo: wapo wa magongo, wapo wa viti mwendo, na mmoja anatumia mkono wa kushoto peke yake. Kwa miezi sita tumejifunza kukereza, yaani ile kazi ya kuifunga mbao kwenye mashine ikazunguka, nawe ukaisogezea patasi mpaka itoe umbo. Waliokulia pwani wanazijua nguzo za vitanda vya zamani, zile zenye mafundo na viuno. Ndiyo kazi yenyewe. Miguu ya stuli, vinara, mipini ya tupa na miti ya kusukumia chapati, yote hutoka huko.

Mheshimiwa, naomba nieleze kwa nini tulichagua kazi hii, maana swali hilo tunaulizwa hata sokoni. Asiyeona akishika randa, yeye ndiye anayeifuata mbao, na asipojua mwisho wake uko wapi anapotea. Kwenye mashine ya kukereza, mbao ndiyo inayomjia. Patasi imelala kwenye egemeo la chuma, kiwiko kimebana ubavuni, na kazi iliyobaki ni ya sikio. Gogo likiwa bado lina pembe linaigonga patasi, tak-tak-tak, na mtetemo unapanda mpaka begani. Pembe zikianza kuisha, mdundo huo unafifia, unakuwa mlio mmoja mrefu kama wa cherehani inayoshona kitambaa kizito. Hapo najua limekuwa duara, wala sihitaji kuambiwa. Patasi ikiwa kali, maranda marefu yenye uvuguvugu yanapita juu ya kiganja. Yakigeuka kuwa vumbi, najua makali yameisha.

Na hapa kwetu Kilombero makali yanaisha upesi. Mbao tunayoipata kwa bei nafuu ni vipande vya mtiki vinavyobaki kwa mafundi wa samani, na mtiki una chembechembe kama za mchanga ndani yake, unakula chuma. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo hatukukereza kitu, tulinoa tu. Tulilalamika sana! Mwalimu alitutengenezea kishikio kinachoibana patasi katika pembe ileile mbele ya jiwe, nasi tunapima makali kwa kuyagusisha kwenye ukucha: yakishika, yako tayari, yakiteleza, unarudi kwenye jiwe.

Wengi wanaogopa ajali, na wana haki ya kuogopa. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kuomba nafasi ya kujifunza katika karakana moja, si ya wilaya hii. Fundi mkuu akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hapa utakatika vidole." Nikamshukuru, tukaagana kwa mikono. Mkono alionipa ulikuwa na vidole vinne.

Sisi tuna masharti yetu. Hakuna anayegusa mbao inayozunguka: unazima, unasubiri kimya kije, ndipo unapeleka mkono. Glavu hatuvai, kwa sababu mashine ikidaka kitambaa inavuta na mkono. Mikono mirefu ya shati inakunjwa, na mtandio unafungwa nyuma ya shingo. Kwa gogo lenye upana wa sentimita 15 hatuvuki mizunguko 1,000 kwa dakika, na anayeanza tunamweka karibu nusu ya hapo. Miwani ya kinga tunavaa sote, hata sisi tusioona. Watu wanacheka, lakini jicho lisiloona likiingiwa na kibanzi linauma vilevile.

Kilichotusumbua kuliko yote hakikuwa macho wala miguu. Ni kimo cha mashine. Ililetwa ikiwa imepimwa kwa mtu aliyesimama, na mwenzetu wa kiti mwendo alipoisogelea, gogo lilikuwa usawa wa kidevu chake. Swichi ilikuwa nyuma, upande ambao angeufikia kwa kupitisha mkono juu ya mbao inayozunguka. Fundi wa kuchomelea alikata miguu ya meza, akaipanua ili magoti yaingie chini, na gogo likashuka mpaka usawa wa kiwiko cha mtu aliyekaa. Swichi ikaja mbele. Chini yake tukafunga ubao unaobonyeza kitufe chekundu ukiusukuma kwa goti. Kwa ndugu yetu wa mkono mmoja tuliongeza chuma cha pili juu ya egemeo, patasi ikapita katikati, haiwezi kuruka. Kazi yote hiyo ilichukua siku moja na nusu, na vyuma vingi vilitoka kwenye chakavu.

Vipimo navyo tumevipatia njia. Rula hatuioni, basi tuna vibao vilivyochongwa mapengo: pengo la mguu wa stuli, pengo la mpini wa tupa. Mashine ikisimama unapachika kibao kwenye mbao. Kikiingia bila kulazimishwa, unene umetimia. Mwalimu pia alitusikilizisha mazungumzo ya Chris Fisher, Mwingereza asiyeona kabisa ambaye ukerezaji ndiyo kazi yake, na aliyejifunza kwa kusikiliza video za mafundi kwenye intaneti. Siku ile hatukunoa wala kukereza, tulikaa kubishana tu.

Mgeni Rasmi, tunayo maombi machache. Tunajua kwamba katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni mikopo ya watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Tunaomba fomu zake zipatikane kwa nukta nundu, au awepo mtu wa kutusomea, kwani kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoijua ni jambo la kutia hofu. Tunajua pia kwamba ununuzi wa umma umetengewa asilimia 30 kwa makundi maalumu. Shule zinahitaji stuli za maabara, nasi miguu ya stuli tunaikereza hapa. Tupeni hata shule moja tuanze nayo. Tatu, mashine tulizonazo ni mbili tu, na iliyoshushwa kimo ni moja. Wenzetu wanne wa viti mwendo wanapokezana saa mbili mbili, na zamu ya mwisho inaangukia saa ambazo umeme hukatika.

Tumekuandalia mti wa kusukumia chapati, wa mtiki, umepakwa mafuta ya nazi. Mama akiupitisha mkono atagundua kwamba ncha moja ni nyembamba kidogo kuliko nyingine. Hiyo ni kazi ya mwezi wetu wa pili, na tulipiga kura tukupe huo badala ya mzuri zaidi.

Baada ya hotuba yako, mashine iliyoshushwa itakuwa na nafasi, na gogo lenye pembe nne limeshafungwa. Tunakuomba ukae, ufumbe macho, ushike patasi pamoja nami mpaka mlio ubadilike. Ila tai utatuachia kwanza, Mheshimiwa. Mashine ile haimjui mkubwa.

Tunaomba kuwasilisha.