Leza ya mawe ya figo: tunaogopa kisichostahili kuogopwa

Mhariri,

Mgonjwa wa hapa Lamu akiambiwa aende Mombasa akavunjwe jiwe kwa leza, barazani hakosi wa kumwambia kuwa mionzi itamkausha figo au imtie saratani. Leza ya holmiamu, iliyozoeleka kwa kazi hii, si eksirei. Ni mwanga usioonekana ambao maji huumeza papo hapo, hata nyama haiupenyi zaidi ya nusu milimita. Ncha ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga huo ikiligusa jiwe, jiwe humeguka; ikiugusa ukuta wa mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo, hutoboa. Kwa hiyo daktari makini huiweka mbali na ukuta walau milimita moja, na hafyatui asipoiona.

Hatari inayosahaulika ni joto la maji yanayopitishwa humo wakati wa kazi. Joule 1 kwa mapigo 20 kila sekunde ni wati 20. Maji yaliyotuama, mililita 5 tu, kijiko cha chai, hupanda karibu nyuzi 1 kila sekunde. Kutoka 37 hadi 43, ambako nyama huanza kuumia ikikaa humo, ni sekunde sita au saba. Na kila nyuzi moja juu ya hapo hupunguza kwa nusu muda wa kustahimili. Kovu likija baadaye, mrija huziba. Maji ya chumvi yakipita mililita 40 kwa dakika, joto hilohilo huongezeka nyuzi 7 hivi tu, tena yameingia yakiwa baridi kuliko mwili. Basi mfuko ukiisha au mpira ukijikunja, mguu wa daktari utoke kwenye pedali ya kufyatulia leza.

Lakini kuyasukuma maji hayo kwa nguvu nako kuna madhara: shinikizo huingiza vijidudu kwenye damu. Mkojo uoteshwe maabara kabla ya siku ya kazi, na vikionekana vijidudu vitibiwe kwanza. Homa na kutetemeka baada ya kutoka si uchovu wa safari. Rudi hospitali usiku huohuo.

Halafu stenti, mpira mwembamba unaoachwa ndani ya mrija ili mkojo upite. Maumivu yakiisha, mtu ashafika Mokowe, gati la kuvukia Lamu, amepanda boti, kasahau kuwa ana mpira ndani. Kwa kawaida hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Ukiachwa miezi, chumvi za mkojo huugandia kama ukoko wa birika, na kuutoa huwa upasuaji mwingine. Kabla hujaondoka, tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye kadi yako, pamoja na jina la hospitali itakayoutoa.

Msomaji wenu,
Lamu