Mpango wa TAZARA uanzie mgodini na uishie melini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili tangu Serikali za Tanzania na Zambia zilipotiliana saini na kampuni ya CCECC ya China, mwezi Septemba 2025, mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha reli ya TAZARA. Yanayosemwa zaidi ni fedha, yaani dola za Marekani bilioni 1.4, pamoja na vichwa 32 vya treni na mabehewa 762 yatakayonunuliwa. Ni habari njema, nami nimezipokea kwa furaha kama walivyozipokea wakazi wengi wa Mbeya, mji ambao karakana na stesheni ya TAZARA vimeulisha kwa miaka mingi. Lakini behewa halijitafutii mzigo. Nani atayajaza mabehewa hayo, kwa mizigo gani, na mwenye mzigo ataahidiwa nini, ni maswali ambayo TAZARA ya kwanza haikuyajibu, na ndiyo maana ikaanguka.

Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China, baada ya walowezi wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965 na kuiweka Zambia katika hatari ya kukosa njia ya kufikia bahari. Migodi mikubwa ya shaba ya Zambia ilikuwa chini ya Serikali, na Serikali ndiyo iliyoamua shaba ipite wapi. Kwa hiyo TAZARA ilizaliwa ikiwa na mteja mmoja mkubwa ambaye hakuwa na pengine pa kwenda. Haikulazimika kumtafuta wala kumbembeleza, na wala haikuwa na sababu ya kuhesabu siku ambazo mzigo wake ulikaa njiani.

Hali hiyo haikudumu. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, ubaguzi wa rangi ukafikia mwisho Afrika Kusini mwaka 1994, na njia za kusini zikafunguka tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 migodi ya Zambia ikabinafsishwa, na wamiliki wapya hawakuwa na deni la shukrani kwa reli yoyote. Walitazama gharama na siku. Lori lilipakia shaba mgodini, likapita Tunduma na kushusha Dar es Salaam, na mwenye mzigo aliweza kumpigia simu dereva akaambiwa amefika wapi. Reli iliyosanifiwa kubeba tani zisizopungua milioni 2 kwa mwaka ikajikuta, mwaka 2014/15, inabeba chini ya tani 100,000.

Wengi hueleza anguko hilo kwa uchakavu wa njia na injini. Uchakavu upo, tena ni mkubwa, ila tukiufanya kuwa sababu ya kwanza tutakuwa tumeanza kusoma hadithi katikati. Mizigo ilipoondoka mapato yalipungua, mapato yalipopungua vipuri havikununuliwa na mishahara ikachelewa, treni zikaanza kukwama, na kukwama huko kukawafukuza hata wateja wachache waliokuwa wamebaki. Juu ya hayo, shirika liliendeshwa chini ya bodi na Baraza la Mawaziri la nchi mbili, na hata uraia wa Mkurugenzi Mtendaji ulipangwa na sheria kwamba awe Mzambia, na naibu wake Mtanzania. Uamuzi wa nauli ya mzigo ambao mwenye malori huufanya asubuhi moja, hapa ulisubiri vikao. Sisemi hivyo kuwalaumu wafanyakazi wa reli, ambao wengi wao walibaki kazini katika miezi ambayo hawakulipwa. Muundo wenyewe haukumpa mtu yeyote mamlaka ya kumjibu mteja siku aliyouliza.

Kuna jambo jingine ambalo ramani inalionyesha wazi. Njia ya TAZARA inaishia Kapiri Mposhi, lakini shaba haitoki Kapiri Mposhi. Inatoka mbele zaidi, katika migodi ya mkoa wa Copperbelt nchini Zambia, na siku hizi kwa wingi mkubwa zaidi katika maeneo ya Kolwezi na Likasi nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Behewa linalokwenda huko hukabidhiwa Shirika la Reli la Zambia, kisha shirika la reli la Kongo, na kila makabidhiano ni mahali pa kusubiri ambapo kila shirika linaweza kumwelekezea kidole mwenzake. Tunaweza kutandika mataruma mapya kutoka Yombo, Dar es Salaam, hadi Kapiri Mposhi, treni ikakimbia vizuri, na bado shaba ikaja kwa lori kwa sababu mwenye mgodi hataki kushughulika na mashirika matatu kwa mzigo mmoja.

Washindani wetu wa kibiashara wamelitambua hilo. Reli ya Lobito nchini Angola inafika mpakani Luau na kuungana na njia ya kwenda Kolwezi. Kampuni iliyokabidhiwa njia hiyo kwa miaka 30, na kuanza kuiendesha mwaka 2024, ina Trafigura miongoni mwa wanahisa wake, na Trafigura ni mnunuzi na muuzaji mkubwa wa madini duniani. Maana yake ni kwamba anayeendesha treni anakaa meza moja na anayenunua shaba. Sisi tuna faida zetu: Dar es Salaam inatazama soko la Asia, na malori na treni zinazoshusha shaba zina mzigo wa kurudi nao, yaani mafuta, mbolea na salfa inayohitajiwa na migodi. Faida hizo zitatusaidia iwapo tu mpango wa biashara utaandikwa kwa safari nzima, kutoka mgodini hadi gatini na kurudi.

Ukanda wetu umeshaonja mikataba ya namna hii. Kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, mwaka 2007, na ubia ukavunjika kabla ya miaka mitano kutimia. Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda mwaka 2006 kwa miaka 25, na ikaondolewa mwaka 2017. Kote kuwili Serikali zilichukua hatua baada ya wateja kuwa wamekwisha kuhamia barabarani, na mteja aliyehama harudi upesi.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Uchukuzi ituambie mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafuatilia: mzigo utachukua siku ngapi kutoka Copperbelt hadi gatini, behewa moja litachukua siku ngapi kwenda na kurudi, na mwendeshaji atamlipa nini mwenye mzigo muda huo ukipita. Takwimu hizo zitangazwe kila baada ya miezi mitatu, na miaka mitatu ya ukarabati itumike pia kufikia makubaliano na mashirika ya reli ya Zambia na Kongo ili mteja awe na mkataba mmoja na mtu mmoja wa kumuuliza. Itamkwe vilevile ni nani atakayegharamia treni za abiria kati ya Mlimba na Makambako, ambako vijiji vingi havina barabara ya kutegemewa wakati wa masika, kwa sababu mwendeshaji anayetafuta faida ya shaba hataziendesha kwa hiari kwa miaka 27 ya uendeshaji bila kifungu kinachomtaka afanye hivyo. Kama vifungu hivyo vimo ndani ya mkataba, vichapishwe. Kama havimo, muda wa kuviongeza ni sasa, kabla kichwa cha kwanza kati ya vile 32 hakijashushwa bandarini.

Wakala mstaafu wa forodha,
Iyunga, Mbeya